Maswali ya Wasomaji: Kasi Uliyolipia na Kasi Unayoiona

SWALI: Nina kifurushi cha 50 Mbps, lakini nikipakua faili kubwa kompyuta inaonyesha 5.8 MB kwa sekunde, wala haizidi hapo. Je, mtoa huduma ananipunja?

JIBU: Hakupunji, ndugu msomaji. Kifurushi huuzwa kwa megabiti, ila kompyuta huhesabu faili kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Gawanya 50 kwa 8 upate 6.25. Hata hiyo 6.25 hutaiona kamili, kwa sababu data husafiri kwa vipande vidogo viitwavyo pakiti, na kila pakiti hubeba pia anwani na namba za kuipanga, na mzigo huo hula kama asilimia 5 ya njia. Kwa hiyo 5.8 ni matokeo mazuri kabisa. Ungekuwa unapata 2 tungekuambia ujaribu kwanza kupakua kutoka seva nyingine, maana seva nyingi huwawekea watumiaji kikomo.

SWALI: Ninalipia 300 Mbps. Napima kwa kebo, si kwa Wi-Fi, na kila mara napata 94 au 95, iwe alfajiri au saa tatu usiku. Mtoa huduma anasema upande wake hauna hitilafu.

JIBU: Tunamwamini. Laini iliyosongamana hupanda na kushuka kufuatana na saa: usiku watu wakiwa wengi inalegea, alfajiri inachangamka. Namba yako haisogei, tena imeganda palepale ambapo muunganisho wa 100 Mbps hufikia ukishatoa ule mzigo wa pakiti. Mahali fulani kati ya kompyuta na ruta, vifaa vimekubaliana kuzungumza kwa 100 badala ya 1000.

Mara nyingi mkosaji ni kebo. Kasi ya 100 inahitaji nyaya 4 tu kati ya 8 zilizomo ndani; kasi ya 1000 inazitaka zote. Waya mmoja wa jozi ya bluu au ya kahawia ukikatika, kwa kawaida vifaa hushuka hadi 100 na kuendelea na kazi kimyakimya, ndiyo maana tatizo hili hukaa miaka bila kugunduliwa. Chomoa kebo, inua plagi yake kwenye mwanga, utazame kupitia plastiki: ncha za nyaya zote 8 zifike mwisho kabisa, chini ya vile vibati vyenye rangi ya dhahabu. Moja ikiishia njiani, umempata.

Kabla ya kununua chochote, soma kasi ya muunganisho wenyewe. Kwenye Windows iko katika mipangilio ya mtandao, sehemu ya Ethernet. Kwenye Linux andika ethtool, kisha jina la kadi yako ya mtandao, utafute mstari wa Speed. Ikisema 100, weka kebo nzima ya daraja la Cat 5e (huandikwa kwenye ganda lake) au zaidi. Isipobadilika, hamia tundu jingine la ruta. Ruta nyingi za bei nafuu zina matundu ya 100 pekee, na hapo hakuna kebo itakayokuokoa. Dawa ni kubadilisha ruta.

SWALI: Sebuleni simu inapima 180 Mbps, chumbani 25. Nihamie kifurushi kikubwa zaidi?

JIBU: Usifanye hivyo! Intaneti iliyofika sebuleni ni ileile. Kilichopungua ni Wi-Fi. Ukitaka uhakika, pima Wi-Fi peke yake kwa programu ya bure ya iperf3. Kompyuta iliyochomekwa kwenye ruta kwa kebo iendeshe iperf3 -s. Ukiwa chumbani na kompyuta ya pili, andika iperf3 -c na anwani ya ile ya kwanza, kwa mfano 192.168.1.10, kisha -R ili data ije upande wako. Baada ya sekunde 10 utapata jibu ambalo mtoa huduma hahusiki nalo hata kidogo. Likiwa karibu na 25, sogeza ruta mahali pa wazi, juu, katikati ya nyumba.

SWALI: Kipimo changu ni kizuri, lakini mtu akianza kupakia picha, simu za video zinakwamakwama.

JIBU: Hapa kasi si tatizo, tatizo ni foleni. Picha zinajaza njia ya kupakia, modemu inarundika pakiti zinazosubiri, na sauti yako inakaa nyuma yake. Endesha ping, amri inayopima muda wa pakiti kwenda na kurudi, kwenye anwani ya seva ya 1.1.1.1 mtandao ukiwa umetulia, kisha upakie faili kubwa. Ikitoka milisekunde 20 na kuruka hadi 300 au 400, ndiyo hiyo.

Dawa ni mpangilio wa kusimamia foleni ya pakiti unaoitwa SQM, kama ruta yako inao. Uweke chini kidogo ya kasi halisi ya kupakia: ukipima 10 Mbps, andika 9, foleni ihamie kwenye ruta inayojua kuipanga. Rudia ping wakati faili linapakiwa. Ikiwa bado inaruka, shusha hadi 8.5 upime tena.