Mtoto halalii bei

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unauliza mnunue kikapu cha kulalia mtoto au mwanzie kitanda cha fito moja kwa moja, maana pesa zilizobaki hazitoshi vyote viwili. Mimi naanza na fito, kwa kuwa ndizo zilizoniumbua.

Unakijua kile kitanda cha stoo kilichojaa magazeti. Mama yako amekusimulia kwa upande wake, tena yeye huanza kucheka kabla hajafika mwisho. Sasa sikia wangu. Kaka yako alikuwa amebakiza wiki tatu azaliwe, mfukoni sina kitu, nikaazima msumeno na randa, nikajifungia uani Jumamosi mbili. Nilizipiga msasa mbao zile mpaka zikateleza. Bibi yako alipofika hakusema neno. Alikunja ngumi, akaipitisha katikati ya fito mbili, akaitoa, akaipitisha kwenye nafasi iliyofuata, mpaka akamaliza ubavu mzima. Kisha akaniambia, "Baba, umejenga zizi zuri." Majirani wamejaa sebuleni! Hadi leo nikikumbuka masikio yanapata moto.

Na kinachouma zaidi ni kwamba alikuwa sahihi. Uwazi kati ya fito na fito usizidi sentimita 6; wangu ulikuwa karibu mara mbili. Kiwiliwili cha mtoto hupenya hapo, kichwa kikanasa. Basi kaka yako akalala kwenye droo ya kabati, tuliyoichomoa tukaiweka sakafuni na kigodoro chembamba, kigumu. Akalala fofofo. Mtoto halalii bei, mwanangu, wala halalii fahari ya baba yake. Kule Ufini, tangu 1938, kina mama hupewa boksi la vitu vya mtoto, na watoto wengi wameanza maisha wakilala ndani ya boksi lenyewe.

Kwa hiyo kikapu? Ni chepesi, kinakaa kando yenu, na mtoto anatakiwa kulala chumba kimoja nanyi angalau miezi 6 ya mwanzo. Lakini akianza tu kujigeuza au kujiinua kwa mikono, kikapu kimemaliza kazi yake. Miezi minne, mitano, mnarudi dukani. Kitanda basi? Kitakwenda miaka miwili na zaidi. Ila kikiwa cha mtumba kikagueni. Kikikosa skrubu, au kikiwa na ubavu unaoshuka na kupanda, kikataeni hata cha bure. Marekani waliupiga marufuku ubavu wa namna hiyo mwaka 2011, baada ya watoto kufa. Godoro liwe gumu na lijae fremu, vidole viwili visipate pa kuingia pembeni. Juu yake shuka moja iliyobana, basi. Mto hapana, wala vile vimto vya kuzungushia kingo ambavyo shangazi yako atataka kuwaletea.

Na mlazeni chali. Wewe tulikulaza kifudifudi, ndivyo tulivyofundishwa wakati ule, na kuna usiku nikiwaza hilo usingizi hauji.

Unataka nichague. Sichagui, nyumba ni yenu na mumeo ana akili zake. Ingawa mtu aliyewaona watoto watatu wakikua upesi kuliko nguo zao... haya, nanyamaza. Pimeni kwanza nafasi iliyopo kati ya kitanda chenu na ukuta. Ikiwa panaingia kitanda cha sentimita 120 kwa 60 na bado mnapita bila kujikwaa usiku, nadhani unajua baba yako angesema nini. Lakini sijasema. Mtoto halalii bei.

Kile cha stoo usikiombe. Mkishanunua nitakuja na futi, na ngumi yangu.

Baba yako