Asidi kwenye damu ya mtoto ndo inamfanya mama avuje?

Swali la mwanafunzi wa ukunga, Mbagala: "Shikamoo dokta. Leba tulipata mama kondo limeachia kabla mtoto hajatoka, mtoto kazaliwa kachoka, wakasema damu yake ina asidi nyingi, akawa anavuja pale alipochomwa sindano, na mama naye damu haigandi. Asidi ya mtoto ilipita kwa mama?"

Marahaba mdogo wangu. Hapana, haikupita. Kabondayoksaidi ya mtoto inavuka kondo haraka na mama anaitoa kwa kupumua, ila asidi ya laktiki, ile mwili unayotengeneza ukikosa oksijeni, inavuka polepole, na kondo likishaachia hata hiyo njia imekatika. Kinyume chake ndo kipo, mama mwenye kisukari akipata asidi kali, mtoto anaathirika.

Hapo kilichowapata wote wawili ni kondo. Mtoto kakosa oksijeni, laktiki ikapanda, pH (kipimo cha asidi, ikishuka ujue asidi imezidi) ikashuka, chini ya 7.0 kwenye ateri ya kitovu ni hatari. Protini za kugandisha damu hazipendi asidi, maabara wameona pH ikitoka 7.4 mpaka 7.0 baadhi zinapoteza zaidi ya nusu ya kazi yake, halafu ini linalozitengeneza nalo limekosa oksijeni na chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zinazoziba jeraha, zinashuka. Protini za mama za kugandisha hazivuki kondo kumsaidia mtoto. Vitamini K miligramu 1 mpe mtoto kama kawaida, lakini ini likiumia haitoshi peke yake, anaweza kuhitaji plasma, yaani maji ya damu yenye hizo protini.

Mama sasa. Kondo likiachia linamwaga kwenye damu yake vitu vinavyoamsha kuganda mwili mzima, fibrinojeni, protini inayotengeneza donge la damu, inaisha, na hapa ndo watu wanapotelea: mjamzito wa miezi 9 anakuwa na fibrinojeni gramu 4 mpaka 6 kwa lita, kwa hiyo karatasi ya maabara ikisema 2 na pembeni imeandikwa kawaida, kwake hiyo sio kawaida hata kidogo, ita msaada. Asidi yake mwenyewe inakuja baadaye, damu ikishapotea nyingi, viungo havipati oksijeni, pH inashuka, damu inazidi kugoma kuganda, anavuja tena, na baridi inaongeza. Ndo maana nasisitiza mfunikeni jamani, hata Dar mama mwenye shoki anapoa, damu itafutwe mapema, na akishajifungua akiendelea kuvuja apewe traneksamiki, dawa ya kuzuia donge lisiyeyuke, gramu 1 ndani ya saa 3.

Majibu yakichelewa usikae. Chukua mililita 2 za damu ya vena, weka kwenye tyubu ndogo ya kioo, safi, kavu, isiyo na dawa, ishike kwenye ngumi ipate joto. Dakika ya 4 iinamishe taratibu uone, halafu kila dakika mpaka uweze kuipindua isimwagike. Dakika 7 zikipita haijaganda, au donge ni laini linavunjika kirahisi, chukulia damu yake haigandi na mwambie dokta wa zamu hapohapo.