Kabla Hujapanda Ndege Kwenda Ghana

Nilipowaambia watu wa nyumbani Mombasa kwamba naenda Accra, kila mmoja alinionya kuhusu wezi. Nilikaa wiki tatu na hakuna aliyenigusa mfuko. Yaliyonipa taabu ni mengine, na ndiyo ninayotaka uyajue mapema.

La kwanza ni kadi ya manjano. Ghana hudai kila mgeni awe na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, isipokuwa watoto wachanga wa chini ya miezi 9. Hilo nililijua. Nisilolijua ni kwamba cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano. Mimi nilichanjwa Alhamisi, na ndege yangu ilikuwa Jumatano iliyofuata. Muuguzi aliandika tarehe, akahesabu kwa vidole, kisha akaniuliza, "Kaka, unasafiri lini?" Ikabidi nisogeze safari na kulipia kubadilisha tikiti. Chanjwa hata miezi miwili kabla. Tangu mwaka 2016 cheti hicho hudumu maisha yote, kwa hiyo hupotezi kitu. Ukiwa mjamzito, umevuka miaka 60 au kinga yako ni dhaifu, muone daktari kwanza.

Sisi wenye pasipoti ya Kenya hatuhitaji viza. Wa nchi nyingine waulize ubalozi wa Ghana kabla ya kununua tikiti, maana masharti hubadilika. Pasipoti iwe imebakiza angalau miezi 6, na tikiti ya kurudi pamoja na anwani ya utakapolala uwe nayo mkononi. Uwanja wa ndege niliulizwa vyote viwili.

Sasa barabara. Ghana magari hupita kulia tangu mwaka 1974. Kwetu hupita kushoto. Jioni yangu ya pili, mtaa wa Osu, nilitazama kulia kama nilivyofunzwa tangu utotoni, nikaona kweupe, nikateremka. Mama mmoja aliyekuwa akikaanga kelewele, vile vipande vya ndizi mbivu vyenye tangawizi na pilipili, alinivuta shati hadi kifungo kikaruka. Trotro, ndiyo matatu yao, ilipita palepale nilipokuwa nimeweka mguu, ikitokea kushoto. Doa la mafuta ya vidole vyake bado liko kwenye shati lile, na kila nikilivaa namwombea dua. Tazama kushoto kwanza, na mtoto usimwachie mkono.

Bahari nayo isikudanganye. Sisi wa Pwani tumezoea Nyali na Bamburi, ambako mwamba huvunja mawimbi huko mbali nayo hutufikia yamepoa. Pwani ya Ghana haina mwamba wa kuikinga. Atlantiki huja yote mpaka mchangani, na mkondo wake humvuta hata mwogeleaji hodari. Cape Coast nilimuuliza mvuvi mzee aliyekuwa akishona wavu kama naweza kuogelea. Alitikisa kichwa, akanionyesha kwa mkono urefu wa maji: magotini. Nilimtii.

Mavazi ya rangi za kijeshi yaache nyumbani, kwani raia haruhusiwi kuyavaa. Usipige picha askari wala majengo ya serikali bila ruhusa. Kutoa au kupokea kitu kwa mkono wa kushoto ni utovu wa adabu, kama kwetu. Mji wa Bawku, kaskazini mashariki, una mgogoro wa muda mrefu wa uchifu uliokwishaua watu wengi. Usiende huko, na mpaka wa Burkina Faso ukae nao mbali. Mtu akikuuzia dhahabu kwa bei ya chini, ondoka. Tangu mwaka 2025 wageni hawaruhusiwi kufanya biashara ya dhahabu katika soko la ndani, na wengi wamekwishatapeliwa hela zao zote. Namba ya dharura ni 112.

Malaria ipo mwaka mzima, kwa hiyo lala ndani ya chandarua na umuulize daktari kuhusu dawa za kinga, hasa wewe uliyekulia Nairobi au nyanda za juu. Kadi ya manjano usiitupe ukishaingia Ghana, maana utaidaiwa tena ukirudi Kenya. Na ukipata homa baada ya kurudi, hata mwezi mzima ukiwa umepita, mwambie daktari ulikotoka kabla hajakuuliza.