Geji ya presha ya oili ya Land Rover ya zamani: spea zipatikane wapi?

Swali: Nina Land Rover Series III ya 1978, injini ya petroli ya lita 2.25. Mwenye gari aliyenitangulia aliongeza kwenye dashibodi geji ya presha ya oili ya Smiths. Sasa mshale umeganda kwenye 40 hata injini ikiwa imezimwa, na bomba jembamba la nyuma linavuja. Madukani naambiwa ninunue geji nyingine nzima. Je, spea za hii hazipo tena? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Ndugu msomaji, zipo, isipokuwa za ndani ya geji yenyewe. Kwa kuwa umetaja bomba, geji yako haitumii umeme kupima: oili hupanda kutoka kwenye injini hadi nyuma ya dashibodi na kuingia katika kibomba kilichopinda, ambacho hujaribu kujinyoosha presha inapoongezeka, na kujinyoosha huko ndiko kunakousukuma mshale. Kabla hujatoa fedha yoyote, subiri injini ipoe, kisha ufungue nati ya bomba nyuma ya geji. Mshale ukirudi kwenye sifuri, geji ni nzima na bomba ndilo lililoziba. Ukibaki kwenye 40, kibomba cha ndani kimevutika kupita kiasi au mtambo wake umekwama. Hapo itakubidi utafute fundi wa geji, au geji nyingine ya aina hiyo yenye kipenyo cha milimita 52.

Sehemu inayowaponza wengi ni hesi, yaani nyuzi za kukazia. Injini yako ni ya Kiingereza, na viungio vya bomba la namna hii kwa kawaida ni vya nusu ya robo ya inchi, yaani 1/8, vya kipimo cha BSP chenye nyuzi 28 kwa inchi. Viungio vya geji za Kimarekani navyo huandikwa 1/8, lakini ni NPT, vyenye nyuzi 27. Kwa macho huwezi kuvitofautisha. Utakizungusha mara mbili tatu, kitakaza, fundi ataongeza nguvu, na hesi ya injini itakuwa imeharibika kwa ajili ya kiungio cha bei ndogo. Kwa hiyo nenda dukani na kiungio chako cha zamani mkononi, ukijaribishe palepale. Viungio vya magari ya Kijapani huwa na nyuzi 28 pia, jambo linalosaidia sana katika soko letu.

Bomba jipya liwe la shaba au la nailoni. La shaba huchoka kwa mtikisiko, basi lizungushe duara moja au mawili kabla halijafika kwenye injini. La nailoni liweke mbali na ekzosi. Nyuma ya geji mna wosha ndogo ya ngozi, na hiyo ndiyo huvuja mara nyingi. Usipoipata, fundi viatu anaweza kukukatia. Iloweke katika oili kabla ya kuifunga. Balbu ya kumulika geji ni ya volti 12, wati 2.2.

Kwa geji yenyewe, ningeanza Arusha, ambako gereji za magari ya utalii zimehudumia Land Rover kwa miaka mingi na hazitupi dashibodi kuukuu. Ikishindikana, geji zenye jina la Smiths bado zinatengenezwa Wales na kampuni ya Caerbont. Ukiuziwa geji ya umeme, usiichukue bila sensa yake, yaani kifaa kinachofungwa kwenye injini kupima presha, kwa sababu sensa ya omu 10 hadi 180 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) haisemi kweli kwenye geji iliyotengenezwa kwa kipimo kingine.

Wakati unatafuta, usiliendeshe gari likivuja: bomba likikatika, oili humwagika kwa presha yote ya injini. Ondoa bomba, uzibe tundu lake kwenye injini kwa plagi ya hesi ileile, ukiiacha swichi ya taa ya tahadhari mahali pake. Geji ikisharudi, injini ikiwa moto na mwendo ukiwa kilomita 50 kwa saa, mshale usimame kati ya 35 na 65 (paundi kwa inchi ya mraba).