Kutoka Dodoma hadi slaidi za Kunduchi na kurudi: siku ipangwe hivi

Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria hadi Dodoma, Julai 2024, wazazi wengi wa huku wanauliza kama inawezekana kuwapeleka watoto kwenye michezo ya maji Dar na kurudi siku hiyohiyo. Inawezekana. Enzi za basi ulihesabu siku tatu: ya kwenda, ya kucheza na ya kurudi. Ila siku yenyewe ni fupi kuliko ratiba inavyokuaminisha, na wengi wanaorudi na manung'uniko wameanguka palepale: wameanza na chakula na bwawa la watoto, slaidi kubwa wakaziacha mpaka mchana jua likiwaka na foleni imeshakunja kona.

Hesabu iko hivi. Treni ya haraka hutumia takribani saa tatu na nusu, ile ya vituo vingi karibu saa nne. Panda ya kwanza ya alfajiri. Kutoka stesheni ya Magufuli katikati ya jiji hadi Kunduchi, ilipo bustani ya maji ya Wet 'n' Wild, ni zaidi ya kilomita 20, na Barabara ya Bagamoyo ikiwa na huruma utatumia saa moja. Kwa hiyo getini utaingia saa nne na nusu au saa tano. Wakati wa kurudi tenga saa mbili, maana Mwenge na Lugalo hapatabiriki na mageti ya stesheni hufungwa kabla treni haijaondoka. Ukitoa yote hayo, za maji zinabaki saa nne, nne na nusu ukibahatika.

Nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, mwaka 2024 ilikuwa shilingi 31,000 kwa mtu mzima, nusu yake kwa mtoto wa miaka 4 hadi 12, na chini ya miaka 4 bure. Thibitisha kabla ya kukata. Beba vitambulisho, pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, usije ukabishana umri dirishani. Kutoka mjini, daladala za Tegeta zinakushusha Mtongani, kisha bajaji hadi ufukweni; ila mkiwa wanne na mabegi, kodini gari. Siku moja kabla piga simu bustanini uulize mambo manne: kama wamefungua siku hiyo, slaidi zipi ziko kwenye matengenezo, kama chakula cha nje kinaruhusiwa, na utaratibu wao mvua ikinyesha. Radi ikianza kupiga, watu hutolewa majini, na si lazima urudishiwe kiingilio. Ndiyo maana Machi hadi Mei, masika ya Dar, si miezi ya safari hii.

Sasa nguo, maana hapa ndipo watu hukwama, tena kwa maana halisi. Slaidi ni bomba au mfereji wa faiba wenye maji membamba yanayotiririka. Wewe unateleza juu ya utando huo. Fulana ya pamba hunywa maji, inakuwa nzito, inakamata faiba, na mwili unapunguza mwendo katikati ya kona. Mtu wa nyuma anakuja na spidi yake yote, mnagongana. Jinzi, zipu, bizimu za mkanda na vifungo vya chuma huchana faiba, ndiyo sababu mlinzi atakurudisha hata ukibembeleza. Kinachofaa ni nailoni au laikra inayobana: kostumi, taitsi, bukta ya kuogelea. Kwa wanaojisitiri, burkini ya nailoni huteleza vizuri kabisa. Dera na kanga havifai slaidini kwa sababu hufunika uso na kunasa.

Pima watoto kabla ya kutoka nyumbani. Simamisha mtoto ukutani bila viatu, weka kitabu bapa kichwani, chora alama, pima kwa futi kamba. Slaidi kubwa mara nyingi hudai urefu wa sentimita 120 hivi, kila bustani ina kipimo chake. Mtoto wa sentimita 117 aliyeahidiwa slaidi ndefu wiki nzima atalia getini na atawaharibia wote. Mwambie ukweli mkiwa bado Dodoma.

Tena mkiwa bado Dodoma, fundisheni pua. Watoto wetu wengi hawajazoea maji ya kuzamisha uso, na kinachowatisha chini ya slaidi ni maji kupanda puani. Jaza beseni, mtoto aingize uso na kupuliza nje kwa pua mpaka mapovu yatoke, ahesabu moja hadi tano, ainue kichwa, avute hewa kwa mdomo. Dakika kumi kila jioni kwa wiki moja zinatosha. Beseni hilohilo lijaribu mfuko wa simu usiopitisha maji: weka ndani kipande cha tishu kikavu badala ya simu, funga, zamisha chini ya jiwe nusu saa. Tishu ikitoka na hata kona moja yenye unyevu, mfuko huo ni wa kubebea karanga.

Mkifika, nendeni slaidi kubwa kwanza. Asubuhi foleni ni fupi, ngazi hazijapata moto, na miguu ina nguvu. Ngazi hizo ndizo zinazochosha; kuteleza kwenyewe ni sekunde chache. Kwenye slaidi ya mwili lala chali, pishanisha vifundo vya miguu, kunja mikono kifuani, kidevu kiguse kifua. Miguu ikiachana, maji ya chini hukupiga kwa nguvu kati ya mapaja, na wanawake huumia zaidi. Ukikaa wima unapunguza mwendo na unaweza kugonga kichwa kwenye kona. Kwenye slaidi ya boya shika vishikio vyote viwili na uinue makalio kidogo kila unapovuka maungio. Usiondoke juu mpaka mlinzi akupe ishara, na ukifika chini toka haraka pembeni, usisimame kufuta macho. Mjamzito, mwenye tatizo la moyo, mgongo au kifafa abaki chini, hata akijisikia mzima siku hiyo.

Bwawa la mawimbi ndilo la kuogopa kuliko slaidi zote, ingawa linaonekana la starehe. Linaanza na kina cha kifundo na linashuka taratibu, na mawimbi huja kwa vipindi. Mtoto aliyesimama salama maji yakiwa kiunoni anaweza kunyanyuliwa miguu wimbi likianza. Mtu anayezama mara nyingi hapigi kelele wala hapungi mkono, kwa kuwa mdomo uko chini ya maji. Kwa hiyo mtu mzima mmoja awe ndani ya maji, umbali wa kunyoosha mkono, na simu abaki nayo mwingine. Maboya ya kupuliza ya mikononi ni mchezo tu, huchomoka na hutoboka. Waokoaji wapo, lakini macho yao ni ya watu wote.

Saa sita hadi saa nane kaeni kivulini, mle chakula. Huku kwetu, kwenye mita 1,100 na zaidi juu ya bahari, hewa kavu hukausha jasho nawe unapoa. Dar unyevu ni mwingi, jasho linabaki juu ya ngozi bila kupooza, na majini hutambui kama unatoka jasho. Mtoto anayelalamika kichwa saa saba mchana huenda ana kiu. Mpe maji kila baada ya nusu saa, na beba pakiti mbili za ORS, kila moja kwa lita moja ya maji safi. Losheni ya jua ya SPF 30 au zaidi ipakwe dakika 20 kabla ya kutoka nje, irudiwe kila baada ya saa mbili, na baada ya kila kujifuta. Mwenye ualbino avae mikono mirefu na kofia pana hata majini, na asubuhi iwe yake. Losheni ya Kilisun inayotengenezwa Moshi iliundwa kwa ajili ya wenye ualbino.

Nywele: lowesha kwa maji ya bomba na upake kondishena kabla ya kuingia, zikishakunywa maji safi hazinywi klorini nyingi. Rasta ndefu zifungwe juu, zikilowa uzito wake huvuta ngozi ya kichwa.

Kama watoto wanataka pia bahari, angalia maji. Karibu na mwezi mpevu na mwezi mchanga, wakati wa bamvua (maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida), maji yakipwa yanakwenda mbali sana na mtatembea kwenye matope na mawe yenye wadudu wa miiba; vaeni viatu.

Ondokeni saa tisa. Ogeni maji safi, kausheni masikio kwa ncha ya taulo bila pamba ya vijiti, na mtoe masweta begini: behewa lina kiyoyozi, na Juni au Julai usiku wa Dodoma hauna urafiki na nywele mbichi. Sikio likiuma ukilivuta kidogo, siku ya pili au ya tatu, hayo huenda ni maambukizi ya tundu la nje. Usimimine mafuta ya moto, mpeleke mtoto akapimwe.