Chai ya tunda la waridi: mbona yangu haiwi nyekundu?

Petali za waridi zikishapukutika, kinachobaki juu ya kikonyo ni kibonge kidogo cha kijani ambacho huiva kikawa chekundu au cha rangi ya machungwa. Hilo ndilo tunda la waridi. Likikaushwa hutoa chai chachu kiasi, isiyo na kafeini. Barua za safari hii karibu zote zimelihusu, kwa hiyo safu nzima tumeliachia lenyewe. Maswali yaliyofanana tumeyaunganisha.

Nilinunua matunda ya waridi makavu, mazima. Nikatia kijiko kimoja kwenye kikombe, nikamimina maji ya moto na kusubiri dakika tano. Nikapata maji ya manjano yasiyo na ladha. Ile ya pakiti hutoka nyekundu kweli kweli! Je, nimeuziwa takataka? – Aliyekata Tamaa

Hapana, ndugu yetu, usiyatupe. Hapo kuna mambo mawili tofauti, na umeyalaumu matunda kwa yote mawili.

Kwanza rangi. Wekundu wa tunda la waridi unatokana zaidi na karotenoidi, jamii ileile ya rangi iliyomo kwenye karoti na nyanya. Rangi hizo huyeyuka katika mafuta, si katika maji, kwa hiyo hata uchemshe vipi, sehemu kubwa itabaki kwenye ganda. Chai halisi ya tunda la waridi huwa ya dhahabu, ya machungwa iliyofifia, au ya kahawia yenye wekundu kwa mbali. Ile ya pakiti ina rozela, ambayo wengine huiita choya. Rangi ya rozela huyeyuka katika maji mara moja. Soma orodha ya viungo kwenye pakiti yako na mara nyingi utaikuta humo, pengine imetangulia waridi lenyewe.

Pili ladha. Tunda kavu zima lina ganda gumu linalong'aa, na maji hayapenyi humo kwa dakika tano. Lazima livunjwe. Yatwange kidogo kwenye kinu, au yafunge ndani ya kitambaa uyagonge kwa mchi hadi yapasuke vipande vya ukubwa wa punje ya mchele. Usiyafanye unga. Kisha chukua vijiko viwili vya chai vilivyojaa, takriban gramu 5, kwa kikombe cha mililita 250. Mimina maji yaliyotoka kuchemka, funika, na uache dakika 15. Mfuniko una kazi: kikombe kilicho wazi hupoa kabla ganda halijalainika.

Ukitaka kuyatumia mazima, usiyamiminie maji tu, yachemshe. Vijiko viwili vya chakula kwa nusu lita, moto mdogo kabisa, dakika 15. Kisha yaponde kwa mgongo wa kijiko humohumo kwenye sufuria, zima moto, funika, na usubiri dakika nyingine 10 kabla ya kuchuja.

Sufuria iwe ya chuma cha pua, ya enameli au ya kioo. Chai hii ina tindikali. Kwenye alumini huokota ladha ya chuma, na shaba isiyopakwa kitu ndani huharakisha kuharibika kwa vitamini C.

Wengine wanasema ukichemsha umeua vitamini C yote, kwa hiyo ni lazima kutumia maji ya vuguvugu. Kuna ukweli? – Mfuatiliaji

Ukweli nusu. Joto hupunguza vitamini C, lakini si adui pekee. Hewa, mwanga na muda navyo hula, tena kwa miezi, kabla hujawasha moto. Tunda bichi linaweza kuwa na zaidi ya miligramu 400 za vitamini C kwa kila gramu 100, lakini kiasi hicho hutofautiana sana kutoka aina moja ya waridi hadi nyingine. Likishakatwa, kukaushwa na kukaa kabatini, hakuna anayeweza kukuambia kwa kulitazama limebakiza kiasi gani.

Isitoshe, ndani ya tunda bichi kuna kimeng'enya kinachoharibu vitamini C mara tu nyama inapokatwa, na maji yanayochemka hukizima. Ndiyo maana, katika Vita Kuu ya Pili, Waingereza walipopungukiwa na machungwa wakageukia sharubati ya tunda hili, maelekezo yalikuwa kulisaga na kulitia kwenye maji yanayochemka papo hapo, bila kulilaza. Maji ya vuguvugu kwenye tunda bichi lililokatwa ndiyo mabaya zaidi.

Kwa matunda makavu, anayetaka njia ya kati atumie chupa ya chai inayohifadhi joto. Isuuze kwanza kwa maji ya moto. Tia vijiko vitatu vya chakula vya matunda yaliyovunjwa, kisha lita moja ya maji yaliyochemka na kupumzishwa dakika tano hivi. Funga na uache saa 6 hadi 8, yaani usiku mmoja. Ladha inayotoka hapo ni nzito na laini kuliko ya kikombe, na sisi tunaipendekeza kwa ajili ya ladha hiyo. Kwa vitamini C peke yake, kula tunda bichi lolote chachu utakuwa umejirahisishia kazi.

Shikamoo wahariri. Nikinywa chai hii koo linaniwasha kama nimemeza nywele. Je, ni mzio? – Kijana wa Koo

Marahaba, kijana wetu. Inawezekana kabisa umemeza nywele kweli, ingawa si za mtu. Pasua tunda moja utazame. Katikati utaona mbegu ngumu za rangi ya krimu, na zimezungukwa na vinyweleo vifupi, vikavu, vyenye ncha. Vikigusa ngozi huwasha kama upupu, na vikifika kooni ni hivyo unavyosema. Kwa kawaida maji na kipande cha mkate huondoa mwasho baada ya muda mfupi. Lakini midomo au ulimi ukivimba, ukatoka vipele au ukashindwa kupumua vizuri, huo ni mzio. Nenda hospitali hapohapo na usiijaribu tena chai hiyo.

Kosa karibu kila mara liko kwenye kuchuja. Chujio la chai la kawaida lina matundu makubwa mno na vinyweleo hupita bila shida. Tumia karatasi ya kuchujia kahawa, au kitambaa cha melimeli kilichokunjwa mara nne. Acha chai idondoke yenyewe. Wengi hukamua kitambaa mwishoni ili wasipoteze tone la mwisho, na hapo ndipo vinyweleo vinaposukumwa kikombeni.

Kama unakausha mwenyewe, viondoe mapema. Kuna njia mbili.

Matunda makubwa, kama ya Rosa rugosa, yasafishe yakiwa mabichi. Vaa glavu. Kata taji kavu la juu na kikonyo, pasua katikati, kisha kwangua mbegu na vinyweleo kwa ncha ya kijiko cha chai. Suuza nusu hizo kwa maji baridi yanayotiririka na uzipanguse kwa kitambaa. Ni kazi ya kuchosha, lakini utakachopata ni ganda tupu, safi, linaloweza hata kutafunwa.

Matunda madogo ya waridi-mwitu, kama Rosa canina, ukiyafanyia hivyo utakesha. Hayo yapasue tu na uyakaushe na mbegu zake. Yakishakauka kabisa, yazungushe kwenye brenda mara tatu au nne, kila mara sekunde moja. Mimina kwenye chekeche lenye matundu ya milimita 2 hivi na utikise: vinyweleo na vumbi hudondoka, vipande hubaki. Umalizie kwa kupepeta kwenye ungo, nje, ukiwa umeupa upepo mgongo na umeziba pua na mdomo. Mbegu zitakazobaki si tatizo ilimradi usizisage, maana zikisagika huleta uchungu. Na hata baada ya yote hayo, chuja kwa melimeli.

Ni lini nichume, na nikaushe vipi? Ya kwangu yalikuwa makavu nje, lakini baada ya wiki tatu yalikuwa na ukungu ndani. – Mama wa Bustani

Mama, anza na swali la waridi lenyewe kabla ya lini. Maua ya dukani na ya bustani za mapambo hupigwa dawa ambazo hazikukusudiwa kwa chakula, kwa hiyo matunda yake usiyanywe. Chuma kwenye mti ambao unaijua historia yake, mbali na barabara yenye magari mengi.

Chuma tunda likiwa jekundu kotekote na bado gumu ukilibonyeza. Lililolainika ni tamu zaidi na linafaa kwa jamu, ila kwa kukausha hukufanyia rojo. Lenye tundu la mdudu au doa jeusi litupe.

Ukungu wako, kwa jinsi ulivyoeleza, umetokana na joto kubwa mwanzoni. Ganda lilikauka haraka likajifunga, na unyevu wa ndani ukakosa njia ya kutoka. Zaidi ya nusu ya uzito wa tunda bichi ni maji, na yanahitaji muda kutoka. Kwenye kikaushio cha umeme weka nyuzi 40 hadi 45 za Selsiasi: nusu zilizokwanguliwa huchukua saa 8 hadi 12, na mazima siku moja hadi mbili. Mazima uyatoboe kwanza kwa sindano, mara mbili au tatu kila moja. Ukitumia oveni, iweke kwenye joto la chini kabisa, uache mlango wazi kidogo kwa kubana mwiko, na uyageuze kila saa. Yakigeuka kahawia iliyokolea na kunukia sukari iliyoungua, joto limezidi.

Bila umeme, yatandaze safu moja kwenye wavu au kitambaa, kivulini, mahali penye upepo, siku kadhaa hadi wiki mbili kutegemea hewa ilivyo. Jua kali hukausha haraka lakini hufifisha rangi. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, usihangaike na njia hii kwa matunda mazima.

Pima ukavu baada ya kupoza, si yakiwa ya moto, kwa sababu sukari ya moto hukudanganya. Ganda lililokauka sawasawa hukatika kwa mlio. Linalopinda kama ngozi ya kiatu bado.

Niyahifadhi wapi na kwa muda gani? – Mhifadhi

Chupa ya kioo yenye mfuniko unaobana, ndani ya kabati lenye giza na baridi. Wiki ya kwanza itazame kila siku na uitikise. Ukiona mvuke kwenye kioo au vipande vinashikana, rudisha yote kwenye kikaushio. Ukiona ukungu hata kwenye kipande kimoja, tupa chupa nzima, usichambue.

Yakiwa mazima hukaa vizuri mwaka mmoja au zaidi kidogo. Yaliyovunjwa yatumie ndani ya miezi sita, na unga ndani ya miezi michache, kwa hiyo vunja kidogo kidogo. Kama unahofia mayai ya wadudu, yafunge vizuri na uyaweke friza siku tatu, halafu yaache yafikie joto la chumbani kabla ya kufungua, yasipate umande. Chai iliyokwisha kupikwa iweke friji na uinywe ndani ya siku mbili.

Naweza kuchanganya na nini? – Mpenda Harufu

Rozela ukitaka rangi: sehemu moja kwa sehemu tatu za waridi, ikizidi hapo hutasikia waridi tena. Tangawizi mbichi vipande viwili vyembamba, au kijiti kifupi cha mdalasini, kwa nusu lita. Limau halina kazi hapa, uchachu tayari upo. Asali itie chai ikishapungua moto, na mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa.

Nina maumivu ya magoti na ninatumia dawa ya kuzuia damu kuganda. Nimesikia chai hii ni tiba. Pia binti yangu ni mjamzito, naye anaipenda. – Bibi Mwenye Magoti

Shikamoo bibi. Utafiti uliofanyika kuhusu viungo ulitumia unga wa tunda, uliomezwa wenyewe kwa wiki nyingi. Chai ni kitu kingine, maana mengi hubaki kwenye masalia unayoyatupa. Kwa hiyo inywe kama kinywaji. Kwa sababu ya dawa yako, mwambie daktari kabla hujaifanya mazoea ya kila siku, na usiache dawa.

Tahadhari hiyohiyo inamhusu aliyewahi kupata mawe ya figo ya oksaleti, kwani vitamini C ikizidi mwili hugeuza sehemu yake kuwa oksaleti, na mwenye ugonjwa wa kulimbikiza madini ya chuma, kwani vitamini hiyo huongeza ufyonzwaji wake. Binti yako akinywa kikombe cha hapa na pale kama chakula si jambo la kutisha, lakini asinywe birika zima kila siku, na amtajie mkunga wake.

Masalia niyatupe? Na mbegu je? – Asiyetupa Kitu

Vipande vilivyochemshwa vinakubali maji mara ya pili, siku hiyohiyo, kwa dakika 20. Chai hiyo itakuwa nyepesi, kwa hiyo ongezea kijiko kimoja kipya. Maganda yaliyokwanguliwa vizuri yanaweza kusagwa na kutiwa kwenye uji au jamu. Yenye mbegu na vinyweleo yapeleke kwenye mboji.

Mbegu nazo hutoa kinywaji chao. Zioshe kwa kuzisugua ndani ya maji mengi na ubadilishe maji hadi yasiwe na vinyweleo vinavyoelea, kisha zikaushe. Chemsha kijiko kimoja cha chakula kwa nusu lita ya maji, zikiwa nzima, dakika 20 hadi 30 kwa moto mdogo. Hutoa chai isiyo chachu, yenye harufu inayokaribia vanila. Hii nayo ichuje kwa melimeli.