Usimwage tindikali kwenye balkoni kabla hujasoma hapa

Juzi usiku nimepata ujumbe wa msomaji mmoja wa Mafinga. Ameandika: "Dada, marumaru za balkoni yangu zinateleza na zimetoa weupe kama chumvi. Fundi anasema ninunue tindikali lita tano, nimwage, nisugue, kesho zitang'aa. Nimwage?" Nilimjibu saa ile ile: usimwage. Halafu usingizi ukanipotea, maana swali hilo nilikuwa nalo mimi mwaka 2021, na sikuwa na wa kumuuliza.

Najua wengi mnaonisoma mna ndoto kama yangu. Kiwanja, msingi, kaghorofa kamoja lakini kako, na balkoni ya kukaa jioni na kikombe cha chai. Mimi na baba watoto tulijenga Isyesye, hapa Mbeya, miaka sita, mfuko wa simenti leo, mwingine mwezi ujao. Hayo ya miaka sita mnayajua, nayaruka. Tulihamia 2020, na mgeni akija nilianza kumpandisha balkoni kabla hajakaa. Marumaru nyeupe za kung'aa, sentimita 60 kwa 60, 24 kwa hesabu, unajiona uso. Nilizichagua mwenyewe na kuzisindikiza kwenye bajaji kutoka Mwanjelwa, nikizishika kwa mikono ili zisigongane.

Balkoni ile inatazama kusini. Anayeishi Mbeya ameshaelewa. Mwezi wa sita na wa saba jua linapita kaskazini, upande wa mlima Loleza, na sisi tunashinda kivulini. Ukungu wa asubuhi unalowesha sakafu kama mtu amepiga deki, na saa sita mchana bado ukikanyaga peku unasikia ubaridi wa maji. Mvua zikianza Novemba ndiyo basi tena, hadi Aprili haikauki vizuri.

Msimu wa kwanza tu ukatoka weupe kwenye mistari, unga mwepesi unaofutika kwa kidole na kurudi baada ya siku tatu. Leo najua ni nini. Maji yanapenya kwenye grauti, ule mstari wa simenti kati ya marumaru na marumaru, yanakaa chini, yanayeyusha chumvi zilizomo kwenye simenti, kisha yakipanda na kukauka yanaziacha juu. Wakati ule niliona uchafu. Na mimi uchafu sikubali nyumbani kwangu. Nikanunua tindikali.

Ilichemka. Povu likapanda kwenye mistari yote kwa pamoja, moshi ukanichoma pua na macho, nami nikafurahi nikidhani uchafu unatoka. Kumbe inayotoka ni grauti yenyewe, kwa sababu tindikali inakula simenti. Nilipopitisha kidole kwenye mstari kilitoka na mchanga. Sikuuliza mchanga umetoka wapi. Balkoni iling'aa, nikapiga picha nikawatumia ndugu wote, na kila mwezi nikairudia dawa ile ile.

Mvua za mwaka ule zikaingia kwenye mistari iliyo wazi kama zimealikwa. Januari doa la rangi ya chai likatokea kwenye dari ya jipsamu ya sebule, chini ya balkoni. Machi kipande kikaanguka juu ya meza. Na bado nilikuwa nasugua.

Kilichonisimamisha ni mama mkwe. Alikuja kutoka Tukuyu Julai 2022 na mkungu wa ndizi, asubuhi akatoka balkoni na kandambili zake kutafuta jua. Mimi niko jikoni nasikia kishindo. Nilimkuta amekaa chini, mkono wa kushoto ameukumbatia, ananiambia, "Mwanangu, usipige kelele, nimeteleza tu." Kifundo cha mkono kilikuwa kimevunjika. Alikaa na plasta wiki sita, na hakuwahi kunilaumu hata siku moja. Wifi yangu ndiye aliyesema mbele ya wageni kwamba nimejenga nyumba ya kupigia picha. Nimesamehe, lakini sijasahau, na naandika haya nikiwa nalisikia bado.

Baada ya hapo nikatafuta fundi mtu mzima. Hakugusa chochote cha kusafishia. Alitoa sarafu ya shilingi 200, akachuchumaa, akaanza kugonga marumaru moja baada ya nyingine. Nyingine zililia kwa sauti ya kujaa, nyingine zililia kama chungu kitupu. Kumi na moja kati ya 24 zilikuwa tupu chini, kwa sababu aliyezibandika aliweka madonge ya simenti kwenye pembe na katikati, hakujaza. Kwenye zile nafasi ndipo maji yalikuwa yanalala. Kisha akamwaga ndoo moja ya maji, tukasimama kuangalia. Maji yalirudi ukutani. Akasema mteremko unatakiwa kushuka sentimita moja hadi mbili kwa kila mita, kuelekea nje kwenye bomba. Wangu ulishuka kuelekea sebuleni kwangu.

Tulibomoa zote. Nililia kuziona zikivunjwa. Akasawazisha mteremko, akapaka dawa ya kuzuia maji, akabandika marumaru za 30 kwa 30 zenye uso wa kukwaruza, simenti imejaa chini yote. Tangu Oktoba 2022 sijaona tone kwenye jipsamu. Mvua inyeshe usiku kucha, asubuhi balkoni yangu iko safi, na hilo nalisema kwa kujivuna kwa sababu nimelilipia.

Sasa ndugu zangu, usafi wenyewe. Kwanza fagia pakavu, kila siku kama unaweza. Vumbi letu jekundu la Septemba ukilimwagia maji linakuwa udongo, na udongo unajishindilia kwenye grauti. Kisha maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, brashi ya nailoni. Brashi ya waya weka mbali. Suuza mara mbili, kwa sababu sabuni inayobaki inanasa vumbi na inaongeza utelezi. Kisha vuta maji kwa mpira wa kukaushia sakafu mpaka yaishe. Hapa ndipo wengi mnashindwa. Mnasugua saa nzima halafu mnaacha maji yakauke yenyewe, Mbeya hii, Mafinga hiyo! Vuta maji.

Ukijani na weusi wa kuvu unaondoka kwa jiki, sehemu moja kwa maji sehemu kumi, dakika kumi, kisha suuza sana. Jiki na tindikali visikutane hata kwenye ndoo ambayo haijaoshwa, vinatoa gesi ya sumu inayoshambulia mapafu.

Vyungu vya maua viinue juu ya vijiwe, chini yake maji hayakauki. Bomba la kutolea maji lichungulie kila wiki, jani moja la mkaratusi linatosha kuanzisha kizibo. Na grauti iliyopukutika ikwangue kwa ncha ya kisu kizee, ondoa vumbi, jaza mpya, Agosti au Septemba, ipate kukomaa kabla ya mvua.

Lakini nawaambia kwa uchungu: tuache kununua sakafu kwa macho. Tunauliza bei, tunauliza rangi, hatuulizi mama zetu watakanyaga wapi. Mama wa Kinyakyusa wa miaka 70 hawezi kutembea kwenye kioo kilicholowa. Ukienda dukani lowesha marumaru moja, ikanyage kwa kandambili, hata kama muuzaji anakutazama vibaya. Mimi ningelifanya hivyo, mkono wa mama ungekuwa mzima, maana mpaka leo hawezi kukamua nguo kwa mkono ule.

Mdogo wangu wa Mafinga, kama tindikali umeshainunua, irudishe dukani. Kesho gonga kila marumaru kwa sarafu, zenye sauti tupu ziwekee alama ya chaki. Kisha mwaga ndoo moja, subiri robo saa, upige picha pale maji yatakapobaki. Nitumie hiyo picha, tuanzie hapo.